Ladha ya Udongo

Kila Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri,
nachota udongo kwa ncha ya kidole,
nauweka ulimini.
Chumvi.
Nautema, naandika: kitalu cha kwanza, bado.
Kitalu cha pili, bado.

Maji yalikaa humu siku tisa.
Mvua ilishuka, bamvua likapanda,
vikakutana kwenye kichochoro chetu
kama wadai wawili mlangoni kwa mtu mmoja.
Vikaingia na kandambili zisizo jozi,
makaa, jerikeni, mavi ya punda wa mtaa mzima,
vikafika safu ya tatu ya vidaka vya ukuta
vikatulia hapo, kama vyenye hati ya nyumba.

Mkomamanga ulikufa umesimama.
Mwezi mzima hatukujua:
majani yalikauka taratibu, kwa adabu.

Ramani haikuwapo.
Mjomba Shekuwe alisema birika lilikuwa kusini,
shangazi akaapa kaskazini,
wakanuniana mpaka Maulidi.
Ndipo Bi Mwanashee, asiyeona tena,
akaomba uzi.
Akasuka kikuba hewani, bila ua hata moja,
akitaja kila kidole kilipopita:
mkilua, hapo hapo ukiingia;
mrehani, ubavuni mwa ukuta;
asumini, huku na huku mfereji;
pachori mwisho, penye ubaridi wa birika.
"Tulikuwa tukichuma tukienda," akasema.
"Nani angerudi nyuma, na bibi harusi anangoja?"

Tukachimba uzi ulipoishia.
Birika hilo. Kusini.
Mjomba hajanyamaza hadi leo.

Chini yake, mfereji wa chokaa,
laini kama ndani ya kikombe,
ukiteremka kuelekea ukuta wa pwani,
na huko ukagota kwenye saruji.
Fundi Famau akagonga mara mbili,
akatega lile sikio lake linalosikia.
"Mai yana ndia yao," akasema. "Ni nani aliyeziba?"
Nikamwambia sijui.

Najua.
Nilikuwa na miaka saba, nilishika ndoo.
Baba alitaka chumba cha friza, tuuze barafu.
Barafu ilinisomesha.
Alikoroga saruji siku nzima, mgongo umelowa,
kisha akanipa kijiti niandike jina langu
kabla haijakauka.
Famau alipokwangua ukungu lilikuwapo,
herufi ya mwisho imepinda.
Akalisoma. Akanitazama.
Hakusema neno, ila alipandisha bei.

Siku nne tulivunja.
Kisha punda sita kutoka Shela, kila alfajiri,
madumu ya maji matamu ubavuni,
nasi tukayamwaga ardhini mchana kweupe.
Majirani wakasimama mlangoni:
"Hayo si maji ya kunywa?"
Ndiyo hayo.
Chumvi haitoki kwa kubembelezwa.
Yakazama, yakatafuta mteremko,
yakapita kwenye tundu la baba,
yakatokea upande wa pili yamevurugika, ya kahawia,
mbio kama watoto waliofunguliwa chuo.

Ukuta tumeupaka chokaa mpya
iliyolala shimoni miezi mitatu.
Mstari wa mafuriko hatukuugusa.
Famau aliuzunguka na brashi yake
kama anayemkwepa mtu aliyelala.
Kipande cha saruji chenye jina langu
nimekitia chini ya mtungi, uliokuwa ukiyumba.
Sasa hauyumbi.

Wageni wanauliza tutafungua lini.
Nawaonyesha vijiti vya mkilua,
virefu kama penseli, vimefungwa matambara,
wanatabasamu kwa huruma, wanaondoka.

Ijumaa hii, kitalu cha kwanza.
Kidole. Ulimi.
Nikangojea chumvi.
Ikaja samadi, na ubaridi kidogo,
na kitu kama ufunguo wa zamani mdomoni.
Nikachota tena, nisijidanganye.
Mara hii sikutema.

Kitalu cha pili, bado.