Omu Arobaini

Keateka amekuja Jumapili mchana, kalamu sikioni,
daftari la madeni kwapani:
"Moraa, mia nane. Hita yako inakula stima ya ploti nzima."

Mia nane, kwa maji ya Kemunto kuoga
na chai ya saa kumi na moja alfajiri
kabla sijatoka Pipeline kwa miguu kwenda kiwandani.

Sikubishana. Nikamwambia, "Kaa kwenye debe, Bwana Ndolo,"
nikatoa mita niliyoazima kwa Masinde wa Kariobangi,
ile yenye koleo mdomoni.
Nikabana waya mmoja. Mmoja tu:
ukizibana zote mbili, mkondo wa kwenda na wa kurudi hufutana,
na mita itaapa kwamba humu ndani hakuna kinachopita.

Volti mia mbili thelathini na mbili.
Ampea tano nukta nane.
Nikaandika nyuma ya risiti ya unga.
Ya kwanza gawanya kwa ya pili, huo ndio ukinzani:
omu arobaini, kamili, bila chenji.
Ya kwanza zidisha kwa ya pili, hizo ndizo wati:
elfu moja mia tatu arobaini na tano, na ushei.

"Ukinzani?" akacheka. "Huo nao ni wako, si wa hita."

Sawa. Lakini kukinza si kukataa, Bwana Ndolo.
Waya usiokinza hauchemshi kitu,
hupitisha tu, kama bawabu aliyesinzia getini.
Chai huivia pale mkondo unapolazimika kujipenyeza.

Na jana saa moja usiku,
ghorofa zote saba zikisonga ugali kwa koili,
nilipima tena. Volti mia mbili. Ampea tano.
Gawanya: bado arobaini.
Hita haikuchoka. Kimechoka kinachoisukuma.
Ila zitazame wati: elfu moja, basi.
Volti zimepungua fungu moja katika saba,
wati zimepungua fungu moja katika manne,
kwa kuwa volti haishuki peke yake, huteremka na mkondo wake.
Hesabu hiyo tunaijua huku juu bila kalamu:
mshahara ukichelewa, na duka la mkopo nalo hufunga daftari.

Sasa, robo saa kwa siku, siku thelathini:
uniti kumi na kitu.
Wewe unatuuzia moja kwa shilingi ishirini na nane.
Mia mbili themanini na tatu.
Hiyo shilingi ya mwisho nimekuongeza mwenyewe.

Akachukua simu yake, akabonyeza, akafuta,
akabonyeza tena kwa kidole kingine
kana kwamba kidole ndicho kilichokosea.

Hapo stima zikapotea.
Korido yetu haijui jua hata saa sita;
likabaki jina langu likiitwa gizani, bila kiasi.

Mita ilikuwa bado mkononi mwangu:
volti sifuri, ampea sifuri.
Gawanya sifuri kwa sifuri, hupati jibu lolote,
hata Masinde hana.
Lakini nikaigusa koili ndani ya sufuria, bado ina uvuguvugu,
na humo, bila kupimwa, bila kuulizwa,
zilikuwa zimekaa zote arobaini.