Kisogo cha Alizeti

Pauni mbili na nusu, mbegu kumi na mbili.
Nilizihesabu palepale dukani, nikarudia.
Kwetu Iramba kwa hela hiyo ningeondoka na mfuko,
nikaongezwa konzi ya juu,
na muuzaji akaniuliza kama watoto hawajambo.

Tulizipanda mwezi wa nne kwenye vikopo vya mtindi,
tukavipanga dirishani, juu ya rejeta,
na Elineema akaandika jina kwenye kila kimoja
kama anayeandaa daftari la mahudhurio.
Siku ya nane udongo ukapasuka:
shingo nyeupe, imeinama,
ganda la mbegu bado kichwani
kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu
akasahau kuvua kofia.

Mwanangu amezaliwa Sheffield.
Alizeti kwake ni urefu. Shuleni wanashindana,
mwalimu ana kamba yenye mafundo.
Kwangu mimi ni mafuta,
ni mashudu ya ng'ombe, ni karo ya muhula wa pili,
ni mgongo wa mama yangu.
Kwetu hakuna aliyewahi kutazama ua moja.
Unatazama eka.

Mwezi wa tano tukazitoa nje.
Ua wetu ni hatua saba kwa nne,
mapipa matatu ya taka yakiwemo.
Usiku wa kwanza baridi iliondoka na minne.
Zilizofuata zilikuwa zamu za konokono,
wale wasio na nyumba,
wanaopita na kuacha njia ya fedha
hadi pale palipokuwa na jani.
Nikirudi kutoka wodini alfajiri
niliwaokota kwa kijiko, mmoja mmoja,
nikawarusha ng'ambo ya ukuta.
Mungu anisamehe.

Akabaki mmoja, wa kikopo cha saba,
jina lake Profesa.
Tulimfunga kwenye mpini wa ufagio
kwa soksi ndefu ya shule.
Juni alinifika kiunoni. Julai alipita ukuta.
Mama akapiga simu ya video, akamkagua juu hadi chini:
"Mtakamua lita ngapi?"
Elineema akaziba spika kwa kiganja
ili Profesa asisikie.

Agosti akafumbua.
Nilirudi saa moja asubuhi, na sikuona ua.
Niliona kisogo:
kijani, chenye vinyweleo, mishipa imetoka.
Tukangoja jioni ageuke.
Si wanasema hufuata jua?
Akiwa mchanga, ndiyo.
Akishakomaa huchagua upande,
na upande wake ni mashariki,
na mashariki yetu ni kwa Doreen.

Miaka sita tumepakana na Doreen
kwa maongezi ya mapipa:
kesho la bluu, kesho la kahawia, haya, asante.
Elineema alilia kwa hasira.
"Kwa hiyo tulikuwa tunamlimia yeye?"

Jumamosi mlango ukagongwa.
Doreen, sweta kaivaa nje ndani:
"Njooni mmuone kabla mvua haijamharibu."
Tukapita jikoni kwake, penye harufu ya mkate ulioungua,
tukatokea uani.
Viti vitatu vilielekezwa ukutani.
Kimoja kilikuwa kimebonyea kwa kukaliwa.
Viwili vilikuwa vimetoka kufutwa.

Na pale juu, Profesa,
uso mpana kama ungo,
nyuki wawili wakigombania katikati.
Nilikuwa sijui kama hata sisi
tumewahi kupanda kitu kikubwa hivyo.

Doreen alikunywa chai yake hadi nusu.
Kisha, bila kugeuka:
"Konokono wako nao walifika salama."
Nilitazama kikombe changu kwa muda mrefu.

Ndege wamekula upande mmoja. Zilizobaki
ziko kwenye bahasha ya bili ya gesi.
Mama, hazijazi hata kijiko.

Mwakani, nimemwambia Elineema,
tupande ukuta wa pili, zitutazame sisi.
Amekataa katakata.
Anasema, sasa kile kiti
atakikalia saa ngapi?