Kipande Namba 4417

Mnadani Kongwa nilifuata bawaba za mlango.
Dalali akagonga debe kwa fimbo:
"Elfu nane! Nani elfu tisa?
Wewe mwenye kofia, usijikune kichwa kama hununui!"
Nikacheka, nikainua mkono,
nikauziwa kasha la vyuma chakavu.
Bawaba, hamna.

Nyumbani nikalimwaga uani:
spana iliyoliwa na kutu,
nati za matrekta yaliyoletwa kulima karanga
bila mvua kuulizwa,
na kisahani cha shaba chenye tundu la kamba.
4417.

Nikakisugua kwa majivu na ndimu.
Nikageuza upande wa pili, nikasugua
mpaka kidole kikawaka.
Hakuna jina.

Bibi Sechelela akakipima kiganjani, macho kayafumba.
"Si cha babu yako.
Yeye alikuwa elfu mbili mia sita na nane.
Ndivyo walivyomwita kwenye foleni ya posho.
Siku moja nami nikamwita hivyo, utani tu.
Akauacha ugali wa uwele una moshi, akatoka nje."
Akanyamaza. Kuku akaja kudonoa nati, akaitema.
"Huyu simjui," akasema,
na hakunirudishia.

Usiku nikakiona ukutani,
msumari mmoja na picha ya babu,
kimefungwa uzi mpya.

Mlango bado hauna bawaba.
Tunauegemeza jiwe.
Nikitaka kuufunga mapema, Bibi hunizuia:
"Acha kwanza. Wengine hutoka shamba mbali."