Msoma Mita

Weka kidevu hapa, aliniambia. Paji la uso, pale.
Nikaweka. Chuma kilikuwa baridi kama bomba la alfajiri,
na mabomba nayajua:
miaka ishirini na tisa nilisoma mita za maji
kutoka Langoni hadi Mkomani,
daftari kwapani, kalamu sikioni,
nikipiga magoti kwenye kila kizingiti
kama mtu mwenye deni la sala.

Leo msomwaji ni mimi.

Mashine ilivuka kutoka Mokowe ndani ya kasha,
imeviringishiwa magodoro mawili.
Itakaa wiki tatu, kisha irudi kwa wenyewe.
Khuleta binti Shekuwe ndiye anayeiendesha.
"Usipepese, mzee. Tazama nukta ya kijani.
Sekunde nne tu."

Mwangaza mwekundu ukaingia itoni,
ukatawanyika chembechembe kama chumvi juu ya sinia.
Pale damu inapokwenda, alisema, chembe hucheza;
pale inapolala, hutulia.
Ndivyo inavyohesabu. Haigusi kitu.
Mita isiyokatiwa bombani!
Laiti ningekuwa nayo zama zangu.

Nikamwuliza, maana kazi haimtoki mtu:
"Mita yako ilikaguliwa lini?"
Akacheka. Mimi sikucheka.
Nimeona mita zikizunguka kwa upepo,
bomba kavu tangu Jumatatu, namba zapanda,
mjane akalipishwa pumzi.
Nimeona nyingine zimekwama, mchanga wa Shela kooni,
na maji yakipita kimya kama mwizi mwenye ufunguo.
Namba si maji.
Nilijua hilo, na bado nilikata.

Sukari ilianza zamani, walisema.
Mirija nyuma ya jicho imechakaa,
mmoja umeziba, miwili inavuja.
Akanigeuzia kioo: ramani ya rangi,
nyekundu panapokwenda kasi, buluu panapokwenda pole,
na pembe ya juu, giza.
Mtaa mzima umekatiwa.
"Kulia ishirini na sita. Kushoto kumi na moja."
Kumi na moja nini? Lita? Ndoo?
"Si lita, mzee. Ni namba ya mashine.
Peke yake haisemi kitu.
Utadungwa sindano. Mashine itarudi Mfungo Saba,
tutapima tena, tutatoa."

Tutatoa.
Hapo nilimwelewa kuliko daktari yeyote.
Usomaji wa leo, toa usomaji wa jana:
katikati hapo ndipo watu walipooga,
walipopika, walipofua nepi, walipomwosha maiti wao.

Kisha akainama kuandika, akasema bila kuniangalia:
"Nyumba ya bibi yangu, nyuma ya kinu cha Athman Bwanaadi.
Wewe ndiye uliyeikata."
Sikuukumbuka mlango. Bibi sikumkumbuka.
Nilikumbuka shilingi mia sita na arobaini.
"Tulichota kwa jirani mwezi mzima," akasema.
"Haya, mara moja tena, tuhakikishe. Usipepese."

Sikupepesa.
Machozi yalikuja yenyewe.
Akayafuta kwa pamba, taratibu,
maana yanaharibu usomaji.

Nyumbani nilipiga magoti mbele ya mita yangu mwenyewe.
Nikafumba jicho la kulia: namba zikawa chai iliyomwagika.
Nikalifumbua.
Mifereji yote imefungwa, mke wangu yuko kwa dada yake,
hakuna anayechota hata kikombe,
na kile kigurudumu chekundu kinazunguka,
pole, pole.
Mahali fulani ndani ya ukuta panavuja.

Nikaandika namba.
Nikaandika tarehe.