Ziwa la Kulia

Daktari Aluoch alinichora kwa kalamu ya buluu
kama fundi wa Kibuye apimavyo kitambaa kabla ya mkasi.
"Ziwa hili tutaliondoa. Nyama ya kujazia tutaichota tumboni."
Dirishani, ziwa lile jingine lilikuwa limemezwa na magugu.

Tumboni, Nanjala,
ulikolala ukinipiga mateke!

Niliulizia kovu, chuchu, gharama.
Sikuuliza nani atakubeba
wiki sita nisizoruhusiwa kuinua hata ndoo.

Usiku huu, Manyatta, mvua ikigonga mabati,
nimelipaka shubiri ziwa la kushoto.
La kulia limechacha lenyewe.
Unaonja, unakunja uso,
unanitazama kama mwizi wako.

Kisha unaonja tena.