Kikombe Kisicho na Mkono

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Nafungua mbao za dirisha: moja, mbili,
ya tatu imevimba, naipiga mgongoni
kama mtoto aliyepaliwa.
Gunia la chai nalipandisha mezani,
mbali na sakafu inayotoka jasho.

Vyungu vilifika jana kutoka Ikombe,
mtumbwi hadi Matema, kisha juu ya Fuso ya mchele,
vimeviringwa majani makavu ya migomba.
Daftari linasema kumi na viwili.
Nimefungua: tisa, na vigae.
Nikampigia Gwantwa, aliyevifinyanga. Hakushtuka.
"Vigae nirudishie, nivitwange,
niwachanganyie wadogo zao.
Udongo mpya mtupu, usio na mzee ndani,
hupasuka ukiona moto."

Anaingia Mama Syabumi,
mwavuli wake unachuruzika juu ya karatasi za bei.
Anagonga chungu kwa ukucha, anakisikiliza.
"Elfu nane? Sufuria haivunjiki."
Namwambia maharage ya chungu na ya sufuria
hayajuani hata kwa salamu.
Anacheka, anatoa elfu tano na mia tano,
iliyobaki "nikipita."
Hupita kila siku,
upande wa pili wa barabara.

Rafu ya juu, chai ya kaka yangu Ambakisye.
Ana michai mia mbili nyuma ya nyumba, kule Katumba;
kiwandani humpimia, kisha humkata kilo za umande.
Kidogo anachonifichia nakipitisha kwenye mvuke siku ileile,
nakisokota kwa viganja, nakikausha juu ya jiko la mkaa,
kama alivyonifundisha Chizuru, mwalimu wa hisabati,
aliyekaa hapa miaka miwili
na kusema "ndaga" kutupita sisi wenye neno.
"Inanuka nyasi," wateja wanalalamika.
Na maziwa mnayotia, nawauliza,
yalianzia wapi?

Mwaka juzi Chizuru alituma kifurushi.
Vikombe vitano, rangi ya jivu lililonyeshewa,
kimoja kimebonyea ubavuni.
Havina mkono.
Kila aingiaye: "Pole, vilikatikia njiani?"
Nilichoka kueleza. Nikaandika kibao:
VILIZALIWA HIVI.

Gwantwa alipopanda kutoka ziwani kudai hela yake
nilimpa chai ndani ya kile kilichobonyea.
Akainywa yote, hakuisema.
Akakipindua kikombe,
akapapasa kitako kwa kidole gumba,
akakuta shimo la gumba jingine,
akatulia humo.
Nje, vijana wa bodaboda wamejibanza chini ya bati letu.
"Huyu alikuwa na haraka," akasema.
"Hapa, unaona? Aliacha kidogo, akatazama juu.
Mvua ilikuwa inakuja na vyungu vyake viko uani."
Sikumwambia ni mbali kiasi gani.
Hakuuliza.

Baada ya wiki sita akaleta kapu.
Vikombe sita, vyekundu, vimechorwa meno meupe ya chokaa,
havina mkono hata kimoja.
Vitano vimekaa mkononi kama yai la bata.
Cha sita nikakimiminia chai, na chai ikatoka,
polepole, kwa adabu, hadi kwenye daftari.
"Hicho usikiuze," akasema Gwantwa.
"Nilikifinyanga huku nawaza deni lako."

Sasa kipo karibu na mizani, natilia chenji.
Kinavuja maji tu.
Shilingi hazihitaji ufa,
mlango zinaujua:
kodi ya mwenye nyumba, mkaa, nauli ya Fuso.
Leo nimeanza na elfu mbili za Gwantwa,
nimezifunga kwenye jani la mgomba
pamoja na vile vigae.