Kiti cha Mwangalizi

Mimi ni mweka hazina, kwa hiyo nianze na hesabu:
karakana mia moja na kumi na mbili za Santa Brígida
zilichanga peso mia tatu tatu, nyingine sarafu kwa sarafu
katika kopo la maziwa linalonuka salfa,
na bado hazikutosha kulala Geneva.
Tulilala ng'ambo ya mpaka, Ufaransa,
tukawa tunaingia mkutanoni kwa basi la alfajiri,
Doña Eustolia dirishani, faili la kurasa kumi na moja mapajani
kama mtoto mwenye homa.

Suti aliiazima kwa mke wa daktari wa meno.
Ya nailoni. Njia nzima aliipapasa kwa shaka.
Kwetu kikulacho ki nguoni mwako, na si methali:
cheche moja ya nailoni, na ukuta unageuka kokoto.
Sisi huvaa pamba tupu, hata harusini.

Ukumbini tulipewa kibao: MWANGALIZI.
Safu ya mwisho, jirani na birika la kahawa.
Mwangalizi huangalia. Hapigi kura.
Hunena baada ya nchi, na nchi, na nchi,
baada ya watengeneza betri, baada ya wasafirisha rangi,
iwapo muda utaruhusu.

Asiyekuwepo na lake halipo, tuliambiwa tangu utoto.
Haya, tupo. Letu li wapi?

Sikio lake la kushoto lilikwenda na kibanda cha Macario.
Kipokea sauti cha ukumbi kimeumbiwa sikio la kushoto.
Akakigeuza, waya ukimkata shingoni,
akasikiliza hivyo siku mbili
watu wasiowahi kupepeta baruti
wakivutana juu ya asilimia za baruti.
Mara nyingi walisema kweli.
Hilo liliniuma kuliko dharau.

Maana sisi nasi si malaika.
Miaka tisa nyuma serikali ilitaka watu wawili kwa kibanda, basi.
Chama kikapinga. Barua niliandika mimi,
mwandiko huu huu wa risiti.
Tukashinda, tukachinja mbuzi.
Desemba ile, kibandani mwa Macario
walikuwemo saba.

Alhamisi, saa saba kasorobo, njaa imeshakalia viti,
mwenyekiti akasema: mwangalizi, dakika mbili.

Doña Eustolia akafunga faili.
"Mmeandika utambi wa sekunde tatu.
Sisi tunaomba sita. Tusikilize kwanza hizo tatu."
Akanyamaza.

Vizimbani, wakalimani wakabaki midomo wazi,
lugha sita zikakosa kazi kwa pamoja.
Bwana mmoja alikuwa anainuka kufuata mkoba wake;
magoti yake hayajanyooka.

"Huyo," akasema, "bado yuko pale pale."

Kisha akafungua ukurasa wa kumi na moja,
nisiouchapa mimi, nisioujua,
akaanza kuisoma barua yangu ya miaka tisa,
tarehe, muhuri, "tunapinga vikali,"
mpaka kwenye sahihi, akalitaja jina langu lote,
na baada ya jina langu, bila kupumua,
yale saba.

Taa nyekundu ikawaka kwenye la tano.
Alimaliza bila kipaza sauti.

Kumbukumbu za mkutano zimeandika:
mwangalizi mmoja alitoa maoni, yakazingatiwa.
Aya ya utambi imeahirishwa hadi kikao kijacho.
Mimi nimeandika: basi, faranga sita; maji, faranga nne;
mchango wa kikao kijacho, bado.

Jioni, kabla ya daraja la mpakani, akauliza,
"Wamesikia?"
Nikamjibu. Akaendelea kutazama dirisha.
Nikamjibu tena, kwa sauti,
ndipo nikakumbuka nimekaa upande gani,
nikasimama, basi likiyumba,
nikamzunguka.